Bwana wa Pili wa Maman

Juzi niliingia kwa fundi mmoja wa kushona kule Kadutu, kuchukua gauni la binti yangu la komunyo. Fundi alikuwa anaipaka mashine yake mafuta. Harufu ile ikanipiga puani, nikasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kilichomleta: mafuta mepesi yanayonuka petroli kidogo, yamechanganyika na joto la chuma na vumbi la kitambaa kipya. Fundi alidhani sikulipenda gauni, akaanza kujitetea kuhusu mikono. Nikamwambia gauni ni zuri, mikono ni mizuri, aendelee tu. Ningemwelezaje mtu nisiyemjua kwamba hiyo ndiyo harufu ya mwanamume niliyemchukia kuliko wote utotoni mwangu? Alikuwa akimchukua mama yangu kila Alhamisi mchana na kumrudisha jioni, na ikafika siku akakataa kumrudisha.

Tulikaa Muhumba, mjini Bukavu, kwenye avenue inayoteremka kuelekea ziwani, mteremko mkali hivi kwamba mpira ukikuponyoka ulikwenda kuuomba kwa wavuvi. Papa alikuwa kinyozi. Saluni yake ilikuwa kibanda cha mbao kule juu barabarani, chenye kioo kilichopasuka na kiti kilichokubali kuzunguka upande mmoja tu, kwa hiyo mteja akitaka kugeuka kushoto ilibidi azungushwe kulia mpaka afike. Papa alipenda amani. Wateja wakibishana yeye alikubaliana na wote, mmoja baada ya mwingine, mkasi ukilia tititi. Maman alikuwa kinyume chake. Alikuwa na sauti iliyofika kanisani kabla yake, na wanawake wa avenue yetu walikuwa wamemchagua kuwa présidente wa foyer.

Matatizo yangu yote yalianzia kwenye neno hilo. Kikundi cha wamama kilikuwa na jina rasmi, refu, la Kifaransa, ambalo hakuna mwanachama aliyelimaliza bila kuvuta pumzi katikati. Watu wakasema tu foyer. Nyumba yao ni foyer, mkutano wao ni foyer, chai yao ni chai ya foyer. Lakini kwetu, kama mnavyojua, foyer ni ndoa pia. Shangazi yangu alipoolewa Kavumu, watu wazima walisema amefika mu foyer yake. Aliporudi kwetu analia, godoro kichwani, walisema foyer imevunjika. Nilikuwa mtoto mwenye kusikiliza vizuri. Kwa hiyo Maman Chantal, jirani yetu, alipokuwa anaita kutoka ng'ambo ya ua kila Alhamisi, nilielewa kila neno.

"Maman Nsimire! Tuende ku foyer! Muzee anatungojea!"

Nsimire ni mimi. Na Muzee, nikaelewa, ndiye bwana wa pili wa mama yangu.

Ninyi mnaosoma ni watu wazima, sitawaficha: Muzee alikuwa mashine ya kushona. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni. Ilikuwa mali ya mume wa Koko Berthe, bibi wa avenue nzima, fundi aliyevalisha nusu ya Muhumba, ambaye watu wote walimwita Muzee. Alipokufa, wanawake wa avenue walikuja kulia na mjane wake, kama desturi. Kilio kikaisha, wageni wakarudi makwao, lakini wale wa avenue wakaendelea kuja siku za Alhamisi, kwa sababu walikuwa wameshazoea, na kwa sababu ile nyumba ilikuwa mahali pekee ambapo mwanamke angeweza kukaa kitako mchana kweupe bila mtu kumuuliza maji yako wapi. Ili wasionekane wamekaa bure, mmoja akaanza kukanyaga mashine ya marehemu. Mwingine akaleta kitambaa. Wakagombana kuhusu rangi ya mapazia, wakaona wanahitaji présidente wa kukata maneno. Hivyo ndivyo kikundi kilivyozaliwa. Mashine wakaiita Muzee, kwa heshima.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu niliyoyasikia Maman na Maman Chantal wakiambiana wakirudi, jioni, mimi nikiwa nimechuchumaa nyuma ya ua na kobaye wangu. Kobaye ni wale wanyama wadogo wanene, kama panya wasio na mkia, ambao watu wa kwetu hufuga jikoni. Wangu aliitwa Kiloba.

"Leo Muzee alikohoa tangu tufike," Maman alisema.

"Juu hamukumupaka mafuta."

"Nilimupaka! Ku magoti yote mbili. Akatulia kidogo. Lakini ukimuharakisha, anang'ata."

"Mimi ananing'ata kila siku," Maman Chantal akalalamika, akionyesha kidole kilichofungwa kitambaa. "Mukono yake anapenda ni ya kwako tu."

Nilimbana Kiloba mpaka akapiga kelele.

Siku zile nilimwonea Papa huruma isiyo na kifani. Nilimtazama anavyopiga mluzi akinoa wembe wake, hajui lolote, nikawa namwachia kipande kikubwa cha samaki. "Huyu mutoto iko na moyo," alimwambia Maman. Mwisho nikaona si haki mtu kuishi gizani. Nikamfuata saluni wakati hakuna mteja.

"Papa, unamujua Muzee?"

"Muzee ya ku foyer? Namujua sana. Iko ya zamani, lakini iko na nguvu kupita hizi za sasa."

"Na haikukasirishi, vile maman anaenda kwake?"

"Inikasirishe juu ya nini?" Papa akacheka. "Akitoka kule si anarudi na suruali yangu imeshonwa?"

Kiswahili chetu cha Bukavu hakisumbuki sana kutofautisha mtu na kitu. Mtu iko, kiti iko, Mungu iko. Laiti baba yangu angesema Kiswahili cha vitabuni siku ile, ningeokoka. Lakini alisema alivyosema, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimejua jambo zito kuliko lile la kwanza: Papa alikuwa anajua, na alikuwa amemuuza Maman kwa suruali.

Kisha Koko Berthe akafa. Alikufa usingizini, mzee sana, na wamama wa foyer wakamvalisha gauni walilomshonea wenyewe. Maman alilia mpaka sauti yake ile ikakauka, na kwa wiki nzima avenue ilikuwa kimya kama imezimwa. Haukupita muda mrefu, akatokea Tonton Déo, yaani Mjomba Déo, kama sisi watoto tulivyomwita.

Tonton Déo alikuwa mtoto wa ndugu yake Muzee marehemu. Hakuna aliyemwona kwenye msiba wa Koko, na wakubwa walikumbuka kwamba hata Muzee mwenyewe alipokufa, hakuja kwenye mazishi. Alikuwa akiishi Kalehe. Alikuja na viatu vyenye ncha kali ambavyo avenue yetu ya matope iliviadhibu siku ya kwanza, akapita nyumba kwa nyumba akisalimia vizuri sana, na kwa Papa akanyolewa ndevu. Alipokuwa kitini, amepakwa povu, akatangaza. Nyumba ile ilikuwa ya ukoo wao. Yeye ataifanya nganda. Kutakuwa na bia baridi, muziki, na samaki wa kuchoma, hapo hapo chini, hakuna mwanamume wa Muhumba atakayepanda tena mlima kutafuta kinywaji.

Papa, kwa tabia yake, alikubali. Wanaume waliokuwa kwenye benchi nao wakakubali, kwa furaha iliyozidi adabu.

Sasa, wanaume wale wote walijua nyumba ni ya nani. Mwaka ambao upepo uling'oa bati za Koko Berthe, wao ndio walioleta nyingine, wakazibeba vichwani tangu sokoni, Papa akiwa mbele. Kazi ilipoisha Koko alisimama uani, mbele yao wote, akasema: "Leo hii nyumba si yangu tena. Ni ya hawa bamaman. Miye nitaomba tu ruhusa ya kulala." Watu wakacheka, wakanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakapiga makofi. Lakini bia baridi ina uwezo wa kumsahaulisha mtu hata kabla hajaionja.

Tonton Déo alisema freezer yake itafika Jumatatu. Jumapili, baada ya misa, wamama wakarudi nyumbani, wakapika, wakatulisha, wakaosha sahani. Kisha Maman akakunja mkeka, akachukua sufuria ndogo na mfuko wa makaa, akanibusu mimi na mdogo wangu Bahati vichwani.

"Ninaenda ku foyer," alisema. "Musisumbue Papa wenu."

"Utarudi magaribi?" niliuliza, maana haikuwa Alhamisi.

"Hapana. Safari hii siyo ya kurudi magaribi."

Akateremka na wenzake, mikeka vichwani, wakiimba. Nikasikia komeo likifungwa kwa ndani. Godoro la shangazi yangu lilinijia akilini. Yeye alitoka kwenye foyer na godoro. Maman alikuwa anaingia na mkeka. Hesabu ilikuwa wazi.

Maisha yetu na Papa peke yake sitayasahau. Papa aliishika mbabula, lile jiko letu la makaa, kama mtu aliyepewa ashike mtoto wa mgeni. Alipuliza mpaka majivu yakamfanya mweupe kama mteja wa pudra, moto ukakataa. Mboga za lengalenga alizikata kwa mkasi wa saluni, akizichana kwanza kwa kitana ili zilale upande mmoja. Fufu yake ya kwanza, ule ugali wetu, ilikuwa ngumu hivi kwamba Bahati aliiviringisha akaicheza mpira mpaka jioni, na haikupasuka. Ya pili ilikuwa uji. Alipokata kitunguu machozi yakamtiririka, nami nikaona sasa mtu huyu ameelewa alichokipoteza. Nikamwekea mkono begani.

"Usilie, Papa. Labda atarudi."

"Nani?"

"Maman."

"Silii, ni kitunguu," Papa alisema, akajifuta macho kwa mkono ule ule wa kitunguu, na hapo akaanza kulia kweli.

Nyumba zote za avenue zilikuwa hivyo. Asubuhi moshi ulitoka milangoni badala ya jikoni. Mwanamume mmoja alikuja kumuuliza Papa kama maharagwe huwekwa maji, na Papa akamjibu kwamba anafikiri ndiyo.

Tonton Déo naye hakukata tamaa. Freezer ilifika kwa gari, akaiweka barazani nje ya foyer, akavuta umeme kutoka kwa jirani, akapanga makreti na viti vya plastiki, akaanza kuuza pale pale. Na waume wakaja! Walikaa barazani na chupa zao, na wake zao wamejifungia nyuma ya ukuta ule ule, wakichungulia kupitia mbao za dirisha. Ndiyo nganda pekee niliyowahi kuiona ambamo mnywaji alisimamiwa na mkewe.

"Papa Chantal," sauti ilitoka ndani, "ile ni ya kwanza ao tunaanza kusahau?"

"Papa Nsimire," sauti ya Maman ilifuata, "batoto bamekula nini?"

"Bamekula fufu!"

"Bameitafuna ao bameichezea?"

Barazani wakacheka wote, Papa akainamisha kichwa, lakini hakuondoka. Nadhani alikwenda pale kwa sababu ndipo mahali pekee alipoweza kusikia sauti ya Maman.

Mimi niliyaona yote haya nikiwa nimesimama njiani na Bahati, na niliyaelewa kwa njia yangu. Kwetu, wanaume wakikaa mbele ya nyumba ya mtu, na bia katikati, na mwanamke amefichwa ndani, ni mazungumzo ya mahari. Nilikuwa nimeona ya shangazi. Papa alikuwa anajaribu kumrudisha Maman. Na wale wengine pia, maana ilikuwa dhahiri sasa kwamba Muzee alikuwa ameoa wamama wa avenue nzima. Wanaume walikuwa wamekuja na midomo mitupu, wanakunywa bia ya wenyewe, na hakuna aliyeleta hata mguu wa mbuzi. Ndiyo maana mazungumzo hayakwenda mbele.

Ng'ombe hatukuwa naye. Mbuzi hatukuwa naye. Nilikuwa na Kiloba.

Sikumwambia mtu. Nilimwosha kwenye karai, nikamkausha kwa kitambaa cha saluni, nikamfunga utepe mwekundu shingoni, nikamweka kikapuni. Bahati aliuliza tunampeleka wapi. Nikamwambia tunaenda kumununua Maman. Bahati akafikiri, akaleta mpira wake wa fufu, aongeze.

Ilikuwa alasiri, mvua imepita, matope yanang'aa. Barazani palijaa. Chef wetu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, Papa Cubaka, mzee mwenye kofia ya manyoya, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Tangu jambo hili lianze alikuwa akiulizwa atoe uamuzi, naye akijibu kwamba analichunguza, na bia ikawa sehemu ya uchunguzi. Tonton Déo alikuwa anafungua chupa. Nilipita katikati ya miguu ya watu mpaka mlangoni, nikainua kikapu, nikaita kwa nguvu zangu zote. Na nguvu za sauti, nisiwadanganye, nilirithi kwa mama yangu.

"Muzee! Toka inje! Tumeleta mahari!"

Watu wakageuza viti kunitazama.

"Muzee gani?" akauliza Tonton Déo.

"Muzee mwenye iko ndani."

"Ndani hamuna muzee. Muko bamaman tu."

"Iko!" nilisema, na machozi yakaanza, kwa hasira ya kuona mtu mzima anadanganya mchana. "Iko kila siku! Ni mwenye hii nyumba! Maman anamupaka mafuta ku magoti. Anakohoa. Na Alhamisi aling'ata Maman Chantal kidole!"

Nilimwona Tonton Déo akibadilika rangi. Chupa iliyokuwa mkononi mwake iliinama yenyewe, bia ikamwagika kwenye vile viatu vyake.

"Muzee alikufa," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Hakufa! Iko anakohoa!"

Na hapo, nyuma ya mlango, Muzee akakohoa. Kha-kha-kha-kha-kha, halafu kimya, halafu kha. Mpaka leo Maman anaapa si yeye aliyekanyaga. Maman Chantal anasema mguu wake ulikuwa pale kwa bahati. Tonton Déo aliruka nyuma, akakaa juu ya freezer, mikono kifuani, akaita jina la marehemu kwa Mashi, lugha ya kwetu, kama mtoto aliyeamshwa na ndoto.

Kicheko kilichotoka barazani kilisikika, nafikiri, mpaka Rwanda ng'ambo ya maji. Watu walishikana mabega. Kofia ya Papa Cubaka ilianguka. Ndani nako wamama walikuwa wanapiga kuta kwa kucheka. Mtu mmoja akaniambia, kwa taabu, kati ya pumzi na pumzi: "Mutoto, ile ni mashini! Mashini ya kushona!" Nikazidi kulia, kwa sababu sasa walikuwa wananiambia mama yangu ametuacha kwa ajili ya chuma.

Mtu mmoja tu hakucheka. Papa alikuwa ananitazama mimi, anamtazama Kiloba na utepe wake, anamtazama Bahati aliyekuwa ameinua mpira wa fufu kwa mikono miwili. Niliona uso wake ukielewa, polepole, kama kile kiti chake kinachozunguka njia ndefu. Akaweka chupa chini. Akasimama. Sikuwahi kumwona Papa amesimama mbele ya watu pasipo mkasi mkononi.

"Déo," alisema. "Miye nilibeba bati ya hii nyumba, hapa, ku kichwa yangu." Akagusa utosi. "Na Papa Cubaka alibeba. Na hawa bote. Koko alisimama pale, akasema nyumba ni ya bamaman, na sisi tukapiga makofi. Weye hukukuwako. Lakini sisi tulikuwako, na tangu ukuje tunakunywa tu, tunanyamaza. Mutoto yangu amekuja kuuza kobaye yake juu miye ninanyamaza."

Papa Cubaka aliokota kofia yake, akaipangusa, akaivaa vizuri, na ilionekana uchunguzi umekwisha.

"Ni kweli," alisema. "Nilisikia na masikio yangu. Nyumba ni ya bamaman."

"Ni kweli," wengine wakasema, mmoja hapa, mmoja pale, wakitazama chini, na mmoja akasukuma chupa yake mbali kidogo kwa mguu, kana kwamba si yake.

Tonton Déo alibaki amekaa juu ya freezer yake. Aliposema, hakusema kuhusu nyumba.

"Ni yeye alinifundisha kushona," alisema. "Miye nilikuwa kama huyu mutoto. Ku ile mashini. Nilikimbia kazi, tukakosana. Nikasikia amekufa, nikaona haya kukuja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Inakohoa vile vile. Ni mukaba iko imelegea. Hata zamani ilikuwa inalegea."

Komeo likavutwa. Maman akatoa kichwa, kitambaa kimekaa upande, akamtazama Déo mpaka kwenye viatu.

"Ingia umuone," alisema. "Lakini vua viatu, tumepangusa."

Akaingia na soksi. Tukasikia sauti ya bisibisi, tukasikia Maman Chantal akimkemea kwamba siyo pale, tukasikia mashine ikianza, ikienda sawasawa bila kukwama. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akawaomba wanaume wamsaidie kupakia freezer kwenye gari. Sijawahi kuona wanaume wa Muhumba wakiharakisha kazi namna ile.

Wamama wakatoka na mikeka yao. Wakawa wanacheka, wanakemea, wanauliza sahani ziko wapi, na Maman akapiga magoti mbele yangu kwenye matope.

"Nani alikuambia niko na bwana mwingine?"

"Weye," nilisema. "Ulisema unaenda ku foyer."

Alifungua mdomo acheke, na kicheko kikaja, kikubwa, halafu katikati kikakatika. Alinivuta kifuani. Nguo yake ilinuka yale mafuta, nami nikavumilia.

Tulipanda mlima pamoja. Papa alibeba mkeka na sufuria, jambo ambalo watu walilitazama. Mimi na Bahati tulikuwa nyuma yao, na wazazi wetu, kama wazazi wote, walidhani watoto wakiwa nyuma hawasikii.

"Na kama ule mutu hangeondoka," Papa aliuliza bila kugeuka, "ungerudi siku gani?"

"Siku yenye ungekuja kunitafuta."

"Nilikuwa nakuja kila siku."

"Ulikuwa unakuja ku bia."

Papa alihamisha mkeka kutoka bega moja mpaka lingine. Tulipita saluni yake iliyofungwa, tukapita nyumba ya Maman Chantal, ambako tayari kulikuwa na kelele.

"Basi nilichelewa," alisema.

"Ulichelewa sana," Maman alisema, akamshika mkono, ule usiokuwa na sufuria, akamvuta kupanda sehemu ile yenye utelezi.